Simu, Tovuti au Kompyuta: Ujue Mlango Unaoupitia Kabla ya Kuweka Fedha katika Sarafu za Kidijitali

Mwenye mashua wa Ushongo anayewapeleka wageni kisiwa cha Maziwe huenda siku moja akaambiwa na mgeni kwamba atalipwa kwa sarafu ya kidijitali. Kijana wa Pangani mjini huenda akaonyeshwa na rafiki yake simu yenye tarakimu zinazopanda na kushuka, akaambiwa kwamba humo ndimo fedha zinamopatikana. Swali linalofuata kwa kawaida ni hili: je, nipakue programu ya simu, nifungue tovuti, au nitumie programu ya kompyuta? Katika sura hii tunalijibu swali hilo, lakini tunaanza na lile linalolitangulia.

Hali ya kisheria

Mnamo Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania iliutangazia umma kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini na kwamba fedha halali ni shilingi, ikawatahadharisha wananchi dhidi ya biashara hiyo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo yanayotokana na uhamishaji wa mali za kidijitali. Wapo wanaoitaja kodi hiyo kuwa ni ushahidi kwamba majukwaa ya biashara hii yamepewa leseni. Sivyo. Kutozwa kodi ni jambo moja. Kupewa leseni na kusimamiwa ni jambo jingine. Mlaji asidhani kwamba fedha alizoziweka katika jukwaa lolote la sarafu hizi zina kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, kama ilivyo amana iliyomo benki. Naye mwenye mashua ana haki ya kudai alipwe kwa shilingi.

Milango mitatu ya chumba kimoja

Programu ya simu, tovuti na programu ya kompyuta za jukwaa moja huingia katika akaunti ileile. Kilichonunuliwa kwa simu ufukweni Ushongo kitaonekana vilevile katika kompyuta iliyoko Tanga mjini, kwa sababu kumbukumbu za akaunti zimehifadhiwa katika mitambo ya kampuni, si katika kifaa cha mteja. Bei nayo haibadiliki kwa kubadili mlango. Sarafu ya Bitcoin ilipita dola 68,000 za Marekani mnamo Novemba 2021, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Hasara hiyo iliwafika wenye simu na wenye kompyuta kwa kipimo kimoja.

Vivyo hivyo, ubora wa programu si dhamana ya uaminifu wa kampuni. Jukwaa la FTX lilikuwa na programu ya simu na tovuti zilizosifiwa kwa wepesi wake. Mnamo Novemba 2022 lilizuia wateja kutoa fedha zao, kisha likaomba kinga ya kufilisika. Mwanzilishi wake alihukumiwa nchini Marekani, Machi 2024, kifungo cha miaka 25. Milango ilikuwa mizuri, lakini chumba kilikuwa kitupu.

Kwa hiyo tofauti ya matoleo haya haimo katika faida. Imo katika mambo mawili: makosa ambayo mtumiaji anaweza kuyafanya, na njia ambayo mwizi anaweza kuipitia.

Programu ya simu

Faida zake ni wepesi, taarifa za papo hapo, na kufunguliwa kwa alama ya kidole. Kwa mtu asiye na kompyuta, huu ndio mlango pekee. Kasoro yake ya kwanza ni kioo kidogo. Ada, masharti na maonyo hufichika chini ya kitufe kikubwa cha kununua. Baadhi ya majukwaa huweka karibu na kitufe hicho huduma ya kufanya biashara kwa fedha za mkopo. Aliyeweka shilingi 100,000 na kufanya biashara ya shilingi 1,000,000 hupoteza akiba yake yote bei ikishuka kwa asilimia 10 tu. Kwa mguso mmoja wa kidole, mtu anaweza kuingia katika mkataba ambao hajausoma.

Kasoro ya pili ni programu bandia. Mlaji asiweke kamwe programu aliyotumiwa kama faili kwa WhatsApp au Telegram, hata kama mtumaji ni ndugu yake. Apakue katika duka rasmi la programu la simu yake, na hata humo akague jina la mtengenezaji, kwa kuwa nembo huigwa kwa urahisi.

Tovuti

Tovuti haihitaji kupakuliwa na hufunguka katika kifaa chochote. Kioo kikiwa kipana, mtumiaji huona ada, historia ya miamala na masharti kwa pamoja. Hatari yake imo katika anwani. Matapeli hutengeneza tovuti inayofanana na halisi kwa kila kitu isipokuwa herufi moja ya anwani, kisha huilipia itokee juu katika matokeo ya utafutaji. Andika anwani mwenyewe mara ya kwanza, ihifadhi katika kivinjari, na tangu hapo ingia kwa kupitia alama hiyo tu. Alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani huonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa. Haionyeshi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Wengi wa watumiaji wetu hutumia kompyuta za steshenari. Tunashauri kwa msisitizo: kompyuta ya umma isitumike kufungulia akaunti yenye fedha. Inaweza kuwa na programu inayonakili kila herufi inayochapwa, na kivinjari chake kinaweza kuhifadhi neno lako la siri kwa ajili ya mteja anayekufuata.

Programu ya kompyuta

Toleo hili huwafaa wanaofuatilia bei kwa muda mrefu, kwa kuwa huonyesha chati nyingi kwa wakati mmoja. Kwa mlaji wa kawaida faida hiyo ni ndogo. Kompyuta isiyofanyiwa masasisho, au iliyojaa programu zilizopatikana kwa njia zisizo halali, ni makazi ya virusi. Vipo virusi ambavyo hungoja unakili anwani ya mpokeaji, kisha huibadilisha na kuweka ya mwizi pale unapoibandika. Muamala wa sarafu hizi ukishathibitishwa haurudishwi na benki wala mamlaka yoyote. Kabla ya kutuma, linganisha herufi za mwanzo, za kati na za mwisho, na utangulize kiasi kidogo cha majaribio.

Simu moja inapobeba kila kitu

Hili ndilo jambo tunaloomba lisomwe mara mbili. Mkazi wa pwani mwenye simu moja huwa ameweka humo laini ya simu, akaunti ya fedha za simu, barua pepe na programu ya jukwaa. Msimbo wa uthibitisho nao hufika katika simu hiyohiyo. Simu ikianguka majini wakati wa kuvuka mto Pangani, au ikiibiwa ikiwa haijafungwa, milango yote hupotea kwa pamoja. Aidha, tapeli akifanikiwa kuisajili upya laini yako kwa jina lake, misimbo yote itakwenda kwake.

Tunashauri yafuatayo, bila kujali toleo unalolitumia:

1. Funga simu kwa namba ya siri isiyo mwaka wako wa kuzaliwa, na uweke namba tofauti ya kufungulia programu.

2. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu maalumu ya kuzalisha misimbo badala ya ujumbe mfupi, na uandike misimbo ya akiba katika karatasi.

3. Ukitumia pochi unayoimiliki mwenyewe, maneno 12 au 24 ya kuirejesha yaandikwe katika karatasi na kufichwa mahali pakavu. Yasipigwe picha. Yeyote anayekuomba maneno hayo ni mwizi.

4. Piga *106# kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na utoe taarifa ukiona usiyoijua.

5. Ukimuuzia mtu sarafu kwa malipo ya fedha za simu, usiachilie sarafu kwa kuona ujumbe tu. Ujumbe huigwa. Fungua menyu ya mtandao wako, tazama salio, na uhakikishe kwamba jina la mlipaji ni la yule uliyekubaliana naye.

6. Weka daftari la tarehe, kiasi, ada na namba ya muamala. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Intaneti inapokatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizopita chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na huduma ya intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo matoleo yote matatu husimama, ilhali soko la dunia linaendelea. Anayetegemea kuuza haraka bei inaposhuka ajue kwamba huenda mlango usifunguke. Fedha ya karo, ya matibabu au ya kununulia nyavu isiwekwe mahali pasipoweza kufikiwa siku inapohitajika.

Ukiwa umeshatapeliwa

Badili neno la siri kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, pigia kampuni yako ya simu ili laini ifungwe, na uripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na daftari na picha za mazungumzo. Namba iliyokutumia ujumbe wa kitapeli ipelekwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Usimlipe anayekuahidi kuzirejesha fedha zako kwa ada ya utangulizi. Mara nyingi huyo ni tapeli yuleyule aliyerudi kwa jina jingine.

Kwa muhtasari, anayeuliza toleo lipi ni bora tunamjibu hivi: kwa kusoma masharti na ada, tovuti katika kompyuta yako mwenyewe, kwa kutazama salio, simu iliyofungwa vizuri, kwa kompyuta ya umma, usiingie kabisa. Na kama hujaridhika na chumba chenyewe, una haki ya kuuacha kila mlango umefungwa.