Kidhibiti cha taa za rangi chaweza kuwa biashara Mbulu na Hanang

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya umeme katika miji ya Mbulu, Dongobesh, Haydom na Katesh wanaouza taa za mkanda zinazobadilika rangi wanaijua kero moja. Mteja huondoka dukani akiwa ameridhika, na baada ya muda hurudi na kiboksi kilichoungua mkononi akidai abadilishiwe au arudishiwe fedha. Mara nyingi mkanda wa taa ni mzima. Kilichokufa ni kidhibiti, yaani kile kiboksi kidogo kinachopokea amri ya rimoti na kugawa umeme kwa kila rangi.

Hapo ndipo faida ya muuzaji hupotelea, na ndipo penye nafasi kwa mwenye mtaji mdogo. Kidhibiti cha taa hizi ni kifaa ambacho fundi redio yeyote mwenye chuma cha kulehemu na mita ya kupimia anaweza kukitengeneza mezani kwake. La kupima ni iwapo kazi hiyo inalipa, kwa mteja yupi, na mtaji uwekwe wapi.

SOKO LENYEWE

Wanunuzi wa taa za mkanda ni wenye baa, saluni, maduka ya simu, kumbi za sherehe na vijana wa bajaji. Mbulu hutegemea sana vitunguu saumu, mahindi na maharage. Hanang ni wilaya ya ngano, mahindi na mifugo. Kwa sababu hiyo fedha mikononi mwa watu hupanda na kushuka kwa msimu. Baada ya mavuno harusi na kipaimara huongezeka, na mwenye ukumbi hutafuta mapambo. Duka lililojaza taa wakati wa masika, kabla mkulima hajauza, huwa limefunga mtaji wake kwenye rafu.

Mzigo wenyewe hutoka Kariakoo, Dar es Salaam, au maduka ya jumla ya Arusha. Katesh iko kwenye barabara kuu ya Babati hadi Singida, kwa hiyo kifurushi hufika kwa basi bila taabu. Mbulu hufikiwa kupitia Karatu au kwa kupanda ukuta wa Bonde la Ufa upande wa Magara. Mwenye duka aliye huko hawezi kurudisha bidhaa mbovu Kariakoo kwa nauli inayozidi thamani ya bidhaa yenyewe. Kiboksi kikiungua, hasara ni yake au ya mteja.

KWA NINI VIBOKSI HUUNGUA

Mkanda wa kawaida wa rangi tatu una nyaya nne: moja ya chanya, volti 12, na tatu za hasi, yaani moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu. Mkanda wa mita 5 wenye taa 60 za ukubwa wa 5050 kwa kila mita hula wati 72 rangi zote zikiwaka. Hizo ni ampia 6, sawa na ampia 2 kwa kila rangi.

Vidhibiti vingi vidogo vya rimoti ya vitufe 24 au 44 huandikwa uwezo wa ampia 6, ampia 2 kwa kila rangi. Maana yake mkanda mmoja tayari umefika ukomo. Mwenye baa akinunua mikanda miwili ili azungushe dari yote, akaiunganisha kwenye kiboksi hicho kimoja, kila rangi hudai ampia 4. Kiboksi hupata joto na hatimaye huungua. Mteja hulaumu duka, na duka humlaumu Mchina, wakati kosa ni la hesabu.

NGAZI TATU ZA KUTENGENEZA

Ngazi ya kwanza haina hata chipu. Ni swichi tatu tu, kila moja kwenye waya wa hasi wa rangi yake. Swichi hizo tatu hutoa rangi saba: nyekundu, kijani, bluu, njano, zambarau, samawati na nyeupe. Kwa saluni au duka la simu linalotaka rangi moja usiku kucha, hii inatosha, na kifaa kibovu hubadilishwa kwa bei ya swichi.

Ngazi ya pili ni ya kuongeza au kupunguza mwanga. Hapa hutumika chipu ya 555, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1972 na fundi redio wengi wanaifahamu. Kila rangi hupewa 555 yake, volyumu ya omu 100,000, rezista ya omu 1,000, dayodi mbili ndogo na kapasita ya maikrofaradi 0.1. Chipu huwasha na kuzima taa kiasi cha mara 140 kwa sekunde, kasi ambayo jicho halioni kukatika. Volyumu ikizungushwa, muda wa kuwaka hurefuka au kufupika, na mwanga huongezeka au kufifia. Volyumu tatu humpa mwenye ukumbi rangi yoyote anayoitaka.

Ngazi ya tatu ni chipu inayopangiwa programu, kama ATtiny85 au bodi ya Arduino. Hii hubadilisha rangi yenyewe polepole bila mtu kugusa. Kazi ngumu ni kuandika programu mara moja. Baada ya hapo nakala ya pili na ya hamsini hupangwa kwa dakika chache. Kijana aliyesoma VETA au aliyejifunza kompyuta mwenyewe anaweza kuuza huduma hiyo kwa mafundi kadhaa.

HERUFI MOJA INAYOTIA HASARA

Katika ngazi ya pili na ya tatu, chipu yenyewe haiwezi kubeba mzigo wa taa. Kazi hiyo hufanywa na transista ya aina ya MOSFET, moja kwa kila rangi. Sokoni kuna mbili zinazofanana kwa umbo na ukubwa: IRFZ44N na IRLZ44N. Tofauti ni herufi moja tu, na asiyejua hununua yoyote iliyo rahisi.

IRLZ44N hufunguka vizuri kwa volti 5, kiasi kinachotolewa na Arduino. IRFZ44N huhitaji karibu volti 10 ili ifunguke yote. Ikipewa volti 5 hufunguka nusu, hupata joto na taa hufifia. Lakini ikiendeshwa na 555 iliyofungwa kwenye volti 12, hufanya kazi barabara. Anayenunua kwa jumla aandike kabisa kwenye daftari: L kwa chipu ya programu, F kwa 555.

Transista iliyochaguliwa vema haipotezi umeme. IRLZ44N ikibeba ampia 2 hupoteza kama wati 0.1 tu, wala haihitaji bati la kupoza. Ikibeba ampia 4, kwa mikanda miwili, hupoteza kama wati 0.4. Ule mzigo unaoua kiboksi cha rimoti, yenyewe huubeba bila shida.

Usalama wa kifaa hukamilishwa na vitu viwili vya bei ndogo. Cha kwanza ni rezista ya omu 10,000 kati ya geti ya transista na hasi, ili taa zisijiwashe ovyo. Cha pili ni fyuzi kwenye waya wa chanya. Fyuzi ya gari ya ampia 7.5 inatosha mkanda mmoja, na hupatikana kwa wauza vipuri. Adapta nayo iwe na akiba: kwa mkanda wa ampia 6, inunuliwe ya ampia 8 hadi 10.

GRIDI NA BETRI

Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kawaida wa kundi la T1 hutozwa sh. 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mkanda wa wati 72 ukiwaka rangi zote saa 5 kila siku hula uniti 10.8 kwa siku 30, yaani sh. 3,154. Ukiwaka rangi moja tu hula uniti 3.6, yaani sh. 1,051. Kwa baa tofauti hiyo ni ndogo. Kwa nyumba iliyo kundi la D1, inayolipa sh. 100 kwa uniti 75 za kwanza na sh. 350 kwa zinazozidi, uniti 10 za ziada zaweza kuvusha mpaka.

Mahali ambapo kidhibiti hulipa wazi ni kijijini. Ujenzi wa gridi vijijini chini ya REA, wakala ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha nyaya mbali, lakini si kila boma linalokaa karibu na nguzo. Mwenye sola na betri ya volti 12 hahitaji adapta, kwani mkanda hufungwa moja kwa moja. Betri ya ampia-saa 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, huendesha mkanda wa ampia 6 kwa saa 8. Mwanga ukipunguzwa nusu kwa kidhibiti cha 555, betri ile ile hufika saa 16. Kwa rangi moja hufika saa 25. Mwenye kilabu au duka la kijijini akionyeshwa hesabu hiyo ataona kuwa analipia muda wa betri, na rangi anazipata kama nyongeza.

HESABU YA MTAJI

Tarakimu zifuatazo ni mfano wa kufanyia hesabu, si bei ya soko. Kila mmoja aweke bei za duka lake.

Rimoti ya kununua: gharama sh. 8,000, kuuza sh. 12,000. Vipande 10 huhitaji mtaji wa sh. 80,000 na kuleta faida ya sh. 40,000.

Kidhibiti cha fundi: vifaa, kasha na kazi sh. 15,000, kuuza sh. 22,000. Vipande 10 huhitaji mtaji wa sh. 150,000 na kuleta faida ya sh. 70,000.

Kwa juu juu rimoti imeshinda: faida ni asilimia 50 ya mtaji dhidi ya asilimia 47. Lakini weka marejesho. Tuseme 3 kati ya 10 vinarudi kwa kila upande. Rimoti hubadilishwa nzima, na sh. 24,000 hutoka. Faida hubaki sh. 16,000, asilimia 20 ya mtaji. Kidhibiti cha fundi hubadilishwa transista na kulipiwa kazi kidogo, tuseme sh. 3,500 kila kimoja. Hutoka sh. 10,500 na faida hubaki sh. 59,500, kama asilimia 40.

Hesabu hii inatoa fundisho la pande mbili. Mteja wa mkanda mmoja wa mita 5 chumbani kwake auziwe rimoti. Fundi asijaribu kushindana nayo kwa bei, atapoteza. Mteja wa mikanda miwili au zaidi, au wa betri, auziwe kazi ya fundi, kwa sababu kwake rimoti ndogo ni marejesho yanayosubiri siku.

Jambo jingine ni aina ya akiba. Mtaji ulio katika transista, rezista na chipu haulali, maana vifaa hivyo hutengeneza redio na vipaza sauti pia. Wafanyabiashara wa Katesh wana sababu ya kupenda akiba ndogo inayozunguka haraka. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023 liliua watu zaidi ya 80 na kuharibu nyumba na biashara kwa muda mfupi. Mzigo mkubwa usiouzika ni hatari hata bila msiba kama huo.

TAHADHARI KABLA YA KUNUNUA

Kwanza, hesabu nyaya. Mkanda wa nyaya nne ndio unaoendeshwa na vidhibiti vilivyoelezwa hapa. Mkanda wa nyaya tatu, kama WS2812 wa volti 5, una chipu ndani ya kila taa na huhitaji kidhibiti cha aina nyingine. Kuuchanganya ni kuuchoma.

Pili, mikanda miwili isiunganishwe mkia kwa kichwa. Kila mmoja uvutiwe nyaya zake kutoka kwenye kidhibiti, na fyuzi iwe ya ampia 15. Ikiunganishwa kwa urefu, volti hupungua, nyeupe ya ncha ya mbali hugeuka nyekundu-nyekundu, na mteja hudai taa ni mbovu.

Tatu, fundi redio abaki upande wa volti 12. Kufunga nyaya za umeme wa TANESCO ndani ya jengo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Ukumbi ukishika moto, muuzaji asiye na risiti ya fundi huyo hana pa kujitetea.

Kwa anayetaka kujaribu, njia salama ni kuanza na vidhibiti vitano vya ngazi ya pili, vyenye dhamana ya maandishi ya miezi mitatu, kabla ya msimu wa mavuno. Kila kinachouzwa kiandikwe: tarehe, urefu wa mkanda, kama ni gridi au betri, na kama kimerudi. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litamwonyesha mwenye duka kama aongeze mtaji au aache.