Kwa Nini Pepopunda Hukaza Taya

Wanakikundi, mtu akichomwa na msumari shambani, kisha baada ya wiki moja au mbili taya likaze ashindwe hata kumeza uji, msiseme amerogwa. Hiyo ni pepopunda.

Vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye samadi, na hapa Kihoto vitu hivyo havikosi. Vikiingia kwenye kidonda kirefu kisichopata hewa, hutoa sumu. Sumu hiyo hupanda kwa neva mpaka uti wa mgongo na shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na shingo.

Huko neva huagizana kwa asidi amino, jamii moja na zile zinazojenga protini ya maharagwe. Glutamati husema, "Kaza!" Glaisini na gaba husema, "Legeza." Sasa sumu huzuia hizi mbili zisitolewe. Glutamati hubaki peke yake, kama mkokoteni wa punda unaoteremka bila breki. Taya ndilo hutangulia kwa sababu neva zake ni fupi, nazo hutoka kwenye shina la ubongo.

Sumu ikishaingia ndani ya neva, dawa haiing'oi. Kwa hivyo tujikinge:

1. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, uende dispensari siku hiyo hiyo.
2. Mama mjamzito achanjwe. Humkinga na mtoto pia.
3. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kisipakwe samadi kamwe.
4. Aliyepona naye achanjwe, maana ugonjwa huu hauachi kinga mwilini.