Haki ya mwanamke mwenye ulemavu yakwama kati ya kituo cha polisi na mahakama

Sheria za kumlinda mwanamke mwenye ulemavu hapa nchini si haba. Hata hivyo, kesi za dhuluma za kingono dhidi ya wanawake hao huendelea kufifia kabla ya hakimu kutoa uamuzi. Mara nyingi si kwamba ushahidi haukuwapo, bali hakuna aliyeweza kumsikiliza mlalamishi kwa lugha yake, au jamaa zake walikwisha kuafikiana na mshukiwa kisirisiri.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 2.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 1.9. Wengi zaidi, takriban asilimia 42, walikuwa na matatizo ya kutembea. Nyuma ya takwimu hizo kuna wanawake ambao hutegemea wengine kuwapeleka hospitalini, kuwasomea barua na kuwatunzia pesa. Utegemezi huo ndio humpa mwovu nafasi, kwa kuwa mara nyingi anayedhulumu ni mtu wa nyumbani au jirani anayeaminika.

Kwa miaka mingi mwanamke huyu alisahaulika pande zote mbili. Vyama vya kutetea walemavu viliongozwa zaidi na wanaume, navyo vilipigania ajira, elimu na ngazi za majengo. Mashirika ya akina mama nayo yalizungumzia ubakaji na urithi wa ardhi, lakini mikutano yao ilifanyika katika ghorofa zisizo na lifti na bila mkalimani wa lugha ya ishara. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 2008, ulitambua pengo hilo. Kifungu chake cha 6 chasema wazi kuwa wanawake na wasichana wenye ulemavu hukabiliwa na ubaguzi wa aina nyingi kwa wakati mmoja.

Saa za kwanza

Safari ya haki huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Aliyebakwa anapaswa kufika hospitalini kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Dawa za dharura za kuzuia mimba nazo zahitaji kutumiwa kabla ya saa 120. Daktari huchukua sampuli na kujaza fomu ya matibabu ya waliodhulumiwa, na baadaye fomu ya P3 ya polisi. Nguo alizovaa hazifai kufuliwa, naye hafai kuoga kabla ya kupimwa.

Kwa mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu na anayeishi mbali na barabara ya lami, saa hizo 72 huisha upesi. Matatu nyingi hazina nafasi ya kiti chake, au utingo hutaka nauli ya abiria wawili. Akifika, huenda kitanda cha kupimiwa kikawa juu mno. Kiziwi naye hufika kwenye meza ya polisi na kukuta afisa asiyejua hata ishara moja. Kinachoandikwa katika kitabu cha matukio huwa ni maneno ya aliyemleta, si yake. Na iwapo aliyemleta ndiye mhusika au nduguye mhusika, basi kesi imeharibika siku ya kwanza.

Sheria yasemaje?

Dhana kwamba mtu asiyeweza kusema, au mwenye ulemavu wa akili, hawezi kutoa ushahidi si ya kweli. Kifungu cha 126 cha Sheria ya Ushahidi chamruhusu shahidi asiyeweza kuzungumza kutoa ushahidi kwa njia nyingine inayoeleweka, kama vile maandishi au ishara. Kifungu kinachotangulia chasema kuwa maradhi ya akili peke yake hayamzuii mtu kuwa shahidi, mradi anaelewa maswali na anaweza kuyajibu ipasavyo.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyowasilishwa Bungeni na Njoki Ndung'u, ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 31 chaipa mahakama uwezo wa kumtangaza mwathiriwa, mtoto au mtu mwenye ulemavu wa akili kuwa shahidi anayehitaji ulinzi maalum. Akishatangazwa hivyo, anaweza kutoa ushahidi bila kumtazama mshtakiwa, kesi yaweza kusikilizwa faraghani, na jina lake likafichwa. Zaidi ya hayo, anaweza kupewa msaidizi wa kumfikishia mahakama maneno yake. Msaidizi huyo aweza kuwa mzazi, jamaa, mshauri nasaha, mwanasaikolojia au afisa wa ustawi wa jamii. Katiba ya mwaka 2010 iliupa utaratibu huo uzito katika Kifungu cha 50(7).

Lakini kuna sharti moja ambalo familia nyingi hazilijui. Mahakama haiwezi kumtia mtu hatiani kwa maneno ya msaidizi pekee, bila ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono. Ndiyo maana ripoti ya daktari ya saa zile za kwanza ina thamani kubwa kwa mlalamishi mwenye ulemavu wa akili. Asipopimwa mapema, msaidizi hodari kiasi gani hatatosha.

Panapokwama

Katiba yasema waziwazi kuwa mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumika mahakamani atapewa mkalimani bila malipo. Mlalamishi hana kifungu cha moja kwa moja namna hiyo. Yeye hutegemea Kifungu cha 48 kuhusu kuifikia haki, na Kifungu cha 54 kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, maandishi ya Braille au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Mkalimani asipopatikana, kesi huahirishwa. Ikiahirishwa mara nne au tano, mashahidi huchoka na nauli huisha.

Ugumu mwingine ni wa lugha yenyewe. Msichana kiziwi ambaye hakupelekwa shule hajui Lugha ya Ishara ya Kenya. Hutumia ishara za nyumbani zinazoeleweka na mama yake na ndugu zake tu. Mkalimani rasmi hamwelewi, na jamaa anayemwelewa huenda akapingwa na wakili wa mshtakiwa kwa madai ya upendeleo. Kesi kama hiyo huhitaji watu wawili: jamaa wa kueleza ishara za nyumbani, na mkalimani wa kuthibitisha mahakamani.

Kikwazo kikubwa zaidi hata hivyo ni masikizano ya kijijini. Wazee huketi, mbuzi au pesa hutolewa, na mlalamishi haulizwi neno. Wanaofanya hivyo wajue kuwa hawana mamlaka hayo. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo ya 2006 kilimwachia Mwanasheria Mkuu uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la kingono, na tangu Katiba mpya jukumu la mashtaka liko mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Chifu, mzee wa mtaa, baba wa msichana au afisa wa kituo hana ruhusa ya kuifuta.

Kulinda si kufungia

Wanaharakati huonya pia dhidi ya kosa la upande wa pili. Familia nyingine, kwa hofu ya mabaya, humfungia binti ndani, humkataza kuolewa, au hutaka afungwe kizazi bila ridhaa yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wakataza hayo. Kifungu cha 12 chamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na uwezo sawa mbele ya sheria, na cha 23 chalinda haki yake ya kuoa au kuolewa, kuzaa na kubaki na uwezo wa kuzaa. Msichana aliyefundishwa kuhusu mwili wake na kujua kukataa yuko salama kuliko yule aliyefichwa.

Sauti za wanawake hawa sasa zasikika zaidi. Katiba ilitenga viti viwili vya Seneti kwa watu wenye ulemavu, kimoja cha mwanamke. Godliver Omondi, Gertrude Musuruve na Crystal Asige wamehudumu humo kwa zamu tangu 2013. Asige, ambaye ana ulemavu wa kuona, ndiye aliyewasilisha mswada uliozaa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu iliyotiwa saini na Rais William Ruto mwezi Mei 2025, ikichukua nafasi ya ile ya 2003. Nje ya Bunge, mashirika kama This-Ability Trust na COVAW yameshughulikia afya ya uzazi na kesi za dhuluma dhidi ya wanawake wenye ulemavu.

Sheria mpya haitafanya kazi yenyewe. Kila kituo cha polisi chahitaji orodha ya wakalimani wa kuitwa usiku na mchana, na kila mahakama bajeti ya kuwalipa. Kwa upande wa familia, hatua ni chache na zaeleweka: hospitali kwanza, nambari ya OB pili, na mwendesha mashtaka aombwe mapema kumtafutia mlalamishi msaidizi kabla ya siku ya kusikizwa. Anayehitaji ushauri aweza kupiga simu 1195 bila malipo. Asiyeweza kupiga simu hiyo mwenyewe anamhitaji jirani wa kumpigia, si wa kumnyamazisha.