Kisu cha Mhunzi: Urithi wa Kutunzwa, Si Silaha ya Kutembea Nayo

Wapo miongoni mwa majirani zetu wa Tiira, Busia na Tororo wanaokusanya visu vya kuwindia vilivyofuliwa kwa mkono. Wengine wamevirithi kwa babu zao. Wengine huvinunua kwa wazee na kwa wahunzi. Sisi tunaohudumu katika mahusiano ya polisi na jamii hatuoni kosa katika kazi hiyo. Tunaomba jambo moja tu: anayekusanya kisu akijue, na kila kiendako kifuatane na historia yake.

Ukanda huu una historia ndefu ya chuma. Wasamia, ambao leo wanaishi pande zote mbili za mpaka, walisifika kwa uhunzi. Walichimba mawe ya chuma katika vilima vyao, na majembe yao yaliuzwa kwa majirani na kutolewa mahari. Wakati huo hapakuwa na mpaka wa kuvuka. Hata magharibi ya Kenya ya leo ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka 1902, Waingereza walipoihamisha.

Mhunzi wa kale alipanga mawe ya chuma na makaa katika tanuri la udongo, kisha wasaidizi wakavukuta kwa muda mrefu. Chuma hakikuyeyuka kikawa maji. Taka ndizo zilizoyeyuka na kutiririka, kikabaki kibonge chenye matundu, ambacho kilipigwa nyundo juu ya fuawe mpaka kikashikamana. Kazi hii ilirithishwa nyumbani, na ndiyo maana wahenga walisema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Siku hizi wahunzi wengi hutumia springi za magari makuukuu. Kisu hupashwa moto mpaka kiwe chekundu, hufuliwa, kisha huchovywa katika mafuta au maji. Hapo huwa kigumu, lakini chepesi kuvunjika. Kwa hiyo hurudishwa kwenye moto mdogo mpaka bapa lililosuguliwa lipate rangi ya majani makavu. Ndipo makali hudumu bila kumeguka. Mwisho, mkia wa kisu huchomekwa ukiwa wa moto ndani ya mpini wa mti.

Mkusanyaji makini hutazama alama za nyundo, na unene unaopungua polepole kutoka mpinini hadi nchani. Kisu kilichokatwa na mashine katika bamba la chuma mara nyingi kina unene uleule kote. Kisu cha kale kisisuguliwe kwa msasa, kwa kuwa alama hizo ndizo ushahidi wa aliyekifua. Kipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria za jinai za Uganda na za Kenya zinakataza mtu kutembea hadharani na silaha, bila sababu halali, kwa namna ya kutia watu hofu. Kisu kilichoning'inia kiunoni sokoni, kwenye baa au machimboni chaweza kugeuza ugomvi mdogo kuwa kifo. Aidha, kumiliki kisu cha kuwindia si ruhusa ya kuwinda: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Uganda mtu hawezi kuwinda bila kibali. Mpini wa pembe ya ndovu nao usinunuliwe wala kuvushwa mpaka.

Kwa hiyo, mkusanyaji aandike kwenye daftari jina la mhunzi au la mzee aliyemwuzia, kijiji, mwaka na bei. Akisafiri, akitie kisu katika ala, akifunge vizuri na kukiweka ndani ya mzigo, kisha akitaje mwenyewe kwa maofisa wa mpakani kabla ya kuulizwa. Kwa kisu cha kale sana, aulize kwanza idara ya makumbusho ya nchi yake.

Kisu kisichojulikana kilikotoka humtia afisa shaka na mwenye nacho mashakani. Kisu chenye maelezo hujitetea chenyewe, na pia huhifadhi jina la mhunzi ambaye huenda hakuacha mwanafunzi. Ndugu zetu, waendeeni wazee hao mapema mkawaulize, wangali wanakumbuka.