Maradhi ya nafsi si aibu ya nyumba

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tulipozuru Murongo, wilayani Kyerwa, pale mto Kagera unapoitenga nchi yetu na Uganda, mzee mmoja alitufuata baada ya sala ya Ijumaa. Binti yake alikuwa halali usiku, hali chakula, na moyo ukimwenda mbio kila mlango unapobishwa. Baadhi ya majirani walisema ni jini. Wengine wakasema ni uchache wa ibada. Mzee akatuuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, nikimpeleka kwa mtaalamu wa maradhi ya nafsi, si nitakuwa nimekiri kwamba nyumba yangu haina imani?"

Swali hili limo katika nyumba nyingi. Yuko mwanazuoni aliyelishughulikia umri wake wote, naye ni Profesa Malik Badri wa Sudan.

Alizaliwa mwaka 1932 katika mji wa Rufaa, kando ya mto Nile wa Buluu. Baba yake, Sheikh Babikir Badri, ndiye aliyefungua skuli ya wasichana mjini humo mwaka 1907, akianza na mabinti wa nyumba yake na wa majirani, wakati wengi wakiliona jambo hilo kuwa ni fedheha. Mwana naye alisoma Beirut, kisha Uingereza, ambako alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leicester mwaka 1961. Alitibu wagonjwa na kufundisha, Khartoum na baadaye Malaysia, hadi alipofishwa Februari 2021.

Tiba yake ilisimama juu ya misingi miwili. Wa kwanza ni elimu ya tiba ya tabia: mwenye hofu hutulizwa kwanza, kisha huzoeshwa kile anachokiogopa hatua kwa hatua, dogo kabla ya kubwa. Wa pili ni kwamba mgonjwa hatakiwi kuiacha imani yake mlangoni mwa mtaalamu. Ambaye sala na tawakkul ndiyo maisha yake hawezi kutibiwa kana kwamba hana roho. Mwaka 1975, katika mhadhara alioutoa Marekani, aliwaonya wanasaikolojia Waislamu wanaofuata kila nadharia ya Magharibi bila kuipima, akawakumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu umma utakaowafuata waliotangulia hata ndani ya shimo la kenge. Hata hivyo hakuitupa elimu hiyo. Alichukua yenye manufaa na kuyaacha yanayopingana na dini.

Tena aliturejesha kwa wazee wetu. Mwaka 2013 ilichapishwa tafsiri yake ya Kiingereza ya maandishi ya Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, al-Balkhi alipambanua huzuni yenye sababu inayojulikana, kama vile kufiwa, na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo aliinasibisha na hali ya mwili. Basi vipi sisi leo tuseme kila huzuni ni udhaifu wa imani?

Tumzingatie Nabii Yaaqub (A.S.). Qur'ani inatueleza kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya kumkosa Yusuf. Ni nani atakayethubutu kusema imani yake ilipungua? Naye Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na hamu na huzuni, na akatuamrisha tujitibu, kwani hapana maradhi ila yamewekewa dawa.

Basi tulimwambia mzee wetu: mpeleke. Anza kituo cha afya, na uombe aelekezwe kwa mtaalamu. Usimfungie, usimpige, wala usimfiche. Kaa naye, msikilize bila ya kumkatiza, na umsomee Qur'ani usiku. Dua haimzuii mgonjwa wa malaria kumeza dawa. Kadhalika haimzuii mwenye maradhi ya nafsi kuketi mbele ya mtaalamu. Kumtafutia mtoto tiba ni katika kuitunza amana.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Jumatatu, inshaallah."

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, waliodhihirika na waliofichwa majumbani. Amin.