Usiku wa Sikinde Rugerero: Nyimbo Saba za Ndoto

Muziki wa dansi una desturi yake katika kambi za askari. Nchini Tanzania, Polisi Jazz walijulikana kwa mtindo wao wa Vangavanga, na Mwenge Jazz ya jeshi kwa Paselepa. Si ajabu, basi, askari wawili waliotoka zamu wakabishana: bendi kongwe ikialikwa, ipige nyimbo zipi, na kwa utaratibu gani?

Bendi tunayoiwazia ni Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1978. Mahali ni Rugerero, wilayani Rubavu, nchini Rwanda, karibu na mji wa Gisenyi na mpaka wa Goma. Hapo Kiswahili hakihitaji mkalimani. Ni lugha ya soko na ya mpakani, na tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda.

Hata hivyo, Rugerero si mahali pa kupigiwa kelele tupu. Mwanzoni mwa Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba za watu, katika mafuriko na maporomoko yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Mwenye kuwatumbuiza watu waliopatwa na hayo hana budi kuzipanga nyimbo zake kwa adabu.

Wimbo wa Sikinde aghalabu una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno, waimbaji wakipokezana kwa utulivu. Ya pili magitaa huchangamka, matarumbeta na saksafoni yakajibizana, na watu wakaacha viti. Mpangaji mwema huufuata mwendo huo huo usiku mzima.

Kwa hiyo tufungue kwa "Hiba". Wa pili uwe "Barua Toka kwa Mama". Askari aliye mbali na kwao, jina hilo tu lamtosha. Wa tatu "Nalala kwa Tabu", ambao walinzi wa usiku hawatakosa kuutania. Wa nne "M.V. Mapenzi", kwa kuwa ziwa Kivu li karibu na vyombo vya majini si vigeni hapo. Wa tano "Edita". Wa sita "Talaka ya Hasira", na jina lake ni onyo kwa kila aliyekabidhiwa silaha, kwamba jambo lililoamuliwa kwa hasira ni gumu kulirudisha. Wa saba "Neema" wa Cosmas Chidumule, uimbwe na uwanja mzima.

Wapo watakaopinga. Muhidin Maalim Gurumo alifariki mwaka 2014, Shaaban Dede mwaka 2017, na Chidumule alihamia nyimbo za Injili. Bila sauti zile, watauliza, Sikinde iko wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini Gurumo mwenyewe alitoka Juwata Jazz, na mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound; Sikinde haikunyamaza. Bendi ni kama kikosi: watu hustaafu na wengine kufa, nao wanaobaki huendeleza kazi. Lililo muhimu ni mwimbaji mpya aimbe kwa koo lake, asijitie kumwiga marehemu.

Wazee wa muziki mzito wa roki wametupa mfano. Black Sabbath, bendi iliyoanzishwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1968, iliwaaga mashabiki mjini humo tarehe 5 Julai 2025. Ilipiga nyimbo nne tu, naye Ozzy Osbourne akaimba akiwa ameketi kitini. Siku 17 baadaye alifariki. Uchache wa nyimbo haukuipunguzia heshima hata kidogo.

Nasi tumetosheka na saba. Askari atakayetaka kuongeza wa nane, na aseme kwanza ni upi atakaouondoa.