Makunduchi: Kijiji Kinachooga Mwaka

Watoto wetu waliozaliwa hapa Minneapolis na Saint Paul wakiulizwa kwao ni wapi, hujibu "Zanzibar", wakaishia hapo. Lakini Zanzibar si mji peke yake. Ina vijiji, na kila kijiji kina tabia yake. Leo napenda kueleza habari za Makunduchi, kwani liko jambo huko ambalo sisi wa huku tunalihitaji.

Makunduchi iko kusini mashariki ya Unguja. Wenyewe hujiita Wakae, na lahaja yao ni Kikae, ambayo mtu wa mjini akiisikia humbidi atege sikio. Ardhi ya huko ni ya mawe. Mkulima hutafuta udongo baina ya mawe akapanda mhogo na mtama. Wanaume huvua kwa ngalawa. Wanawake hufukia makumbi ya nazi pwani kwa miezi, kisha huyaponda wakasokota kamba. Na tangu kilimo cha mwani kilipoanza pwani ya mashariki mwaka 1989, wengi huingia baharini maji yakitoka, wakafunga mbegu zao.

Penye riziki ya kubana, ugomvi haukosi: mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mhogo, deni, posa iliyokataliwa. Vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana.

Ila Wakae wana dawa yake. Kila Julai husherehekea Mwaka Kogwa, yaani kuoga mwaka. Ndiyo Nairuzi, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, na sherehe zake huchukua siku nne. Watu huoga baharini. Wanaume wa pande mbili za kijiji hukabiliana uwanjani wakapigana kwa magomba; zamani zilikuwa fimbo. Mwenye kinyongo hukitoa hapo, hadharani, na vumbi likitulia neno limekwisha. Haifai kuingia nalo mwaka mpya. Kinamama, wamevaa nguo zao nzuri, huzunguka wakiimba, na nyimbo zao hazimstahi mtu. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, wazee wakatazama moshi unaelekea wapi. Na asiyekuwa na mgeni siku hiyo huonekana ana kisirani, kwa hiyo milango yote huwa wazi.

Mambo ya moshi na uganga nawaachia masheikh wayahukumu. Mimi nazungumzia kinyongo.

Hapa kwetu pia tunagombana, lakini mlango ukifungwa kwa theluji, na moyo nao hufungwa. Ndugu wawili wanaishi ng'ambo mbili za mto Mississippi, mmoja Minneapolis, mwenziwe Saint Paul, na miaka inapita. Hukutana mazikoni, wakapeana mkono kwa kuwa watu wanawatazama. Watoto wao hata hawajuani majina.

Skuli za hapa hufungwa Juni mpaka Septemba, na Julai imo katikati. Mwenye uwezo awapeleke wanawe Makunduchi wakajionee. Asiye na uwezo, maziwa hayakosekani Minnesota: achague siku moja ya Julai, apike pilau, atandike mkeka kando ya ziwa, na mgeni wake wa kwanza awe yule yule asiyesema naye. Magomba si lazima.